Mzee wa Kihonda, kiwanja usikiuze kwanza

Ndugu Mhariri,

Barua ya mzee wa Kihonda, Morogoro, niliisoma nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, saa moja kasoro asubuhi ya hapa Maryland, nimetoka zamu ya usiku, nasubiri kioo kiyeyuke barafu. Nilipofika nyumbani nikamsomea na mume wangu. Mzee anasema kijana wake amemaliza shahada ya kwanza ya sayansi, kiu yake ni udaktari wa binadamu, na wakala wa vyuo vya nje amemhakikishia kwamba njia ipo: kijana aje Marekani asome uzamili wa bayoteknolojia, ule wa jioni, huku anafanya kazi, na akishaushika mkononi vyuo vya udaktari vitamgombea. Mzee anauliza wasomaji: je, auze kiwanja?

Uzamili huo ninao. Umetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Nilipouanza mwaka 2016 nilikuwa na hesabu ile ile ya huyo wakala, ingawa mimi sikudanganywa na mtu. Nilijidanganya mwenyewe, tena bila malipo. Naomba nafasi nimjibu mzee. Barua ikiwa ndefu, Mhariri, kata habari zangu, ila hesabu uziache.

Mie ni mtu wa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Mama alikuwa akifanya usafi hospitali ya Bombo, na nikitoka shule nampelekea chakula. Napita kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani linalotazama bahari, nasimama kuangalia madaktari wakipita na mafaili kwapani. Hapo ndipo maradhi yaliponiingia. Kidato cha tano na sita nikachukua PCB kama kila mtoto aliyewahi kuambiwa na shangazi zake kwamba atakuwa daktari. Matokeo yakatoka: baiolojia B, kemia C, fizikia D. Kwa ushindani wa mwaka ule udaktari sikuupata. Nikapata nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia, nikamaliza 2010 na GPA ya 3.9 kati ya 5, daraja la pili la juu. Mwaka 2013 bahati nasibu ya grinikadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, ikaniangukia. Kwetu tunaitwa waja leo waondoka leo. Maryland nimekuja, na kuondoka bado.

Kazi ya kwanza niliyopata huku ni usaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi za watu wazima, na kumgeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Kazi hiyo, mzee wangu, iweke pembeni, nitairudia.

Baada ya miaka miwili nikaingia kampuni ya dawa. Kuna barabara kuu hapa, I-270, inayotoka upande wa Bethesda ikapanda Rockville na Gaithersburg hadi Frederick. Kando yake kumejaa kampuni za bayoteknolojia, kwa sababu NIH, zile taasisi za taifa za utafiti wa afya, zipo Bethesda, na FDA wanaoidhinisha dawa wapo Silver Spring. Kwa hiyo ukisikia uzamili wa jioni wa bayoteknolojia, elewa ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Darasani kwetu watu walikuwa wanafika saa kumi na mbili na nusu jioni, beji za kazini bado shingoni, chakula kwenye kikopo cha plastiki, na mwalimu mwenyewe ametoka kazini kampuni ya jirani. Tulisoma namna ya kukuza seli kwa wingi, namna ya kuandaa maombi ya kuidhinishiwa dawa, takwimu, na usimamizi wa ubora. Waajiri wengi hulipia, mara nyingi mpaka dola 5,250 kwa mwaka, maana hicho ndicho kiwango ambacho serikali haimtozi kodi mfanyakazi. Kinachozidi unakijua mwenyewe. Kozi yangu moja ilipita dola 4,000, kozi zilikuwa kumi, nami nikichukua mbili au tatu kwa mwaka. Miaka mitatu na nusu. Mtoto wangu wa pili alizaliwa katikati ya kozi ya takwimu.

Nilimaliza na GPA ya 3.9 kati ya 4. Nikasema sasa nipeni koti jeupe.

Kazi yangu kiwandani ni kutunza seli. Tangi ni la chuma, lita 2,000, limejaa seli zilizotokana na ovari ya mnyama mdogo wa jamii ya panya, nazo hutengeneza kingamwili ambayo baadaye inakuwa dawa. Usiku kila baada ya saa kadhaa unachota sampuli, unahesabu seli zilizo hai, unapima asidi na sukari. Ukiona asilimia 96 hai, unashukuru. Ukiona 88, unampigia bosi simu na unamwamsha. Umevaa suti nyeupe kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, glovu mbili mbili, na karatasi ya kawaida hairuhusiwi kuingia humo kwa sababu inadondosha nyuzi. Basi mtihani wa kuingia udaktari, MCAT, niliusomea humo bila karatasi. Amino asidi ishirini nilizihifadhi kwa lahani ya madrasa, kama tulivyokuwa tukiimba alifu-bee-tee kwa maalimu, glisini-alanini-valini, najibembeleza kidogo nyuma ya barakoa. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kifilipino, alidhani naswali. Sikumkosoa.

Sasa hesabu. MCAT ina sehemu nne, kila moja alama 118 mpaka 132, kwa hiyo jumla inaanzia 472 na kukomea 528. Unakaa kwenye kiti saa saba na nusu ukijumlisha na mapumziko. Niliufanya mara ya kwanza mwaka 2021. Baiolojia na bayokemia nilipata 128, na hapo nakiri uzamili ulinibeba, angalau mabegani. Saikolojia na sosholojia 128, hiyo niliisoma kwenye treni. Kemia na fizikia 124, kwa sababu uzamili wa bayoteknolojia haukufundishi fizikia hata ukurasa mmoja. Na ile sehemu ya pili, ya kusoma makala ndefu za Kiingereza kuhusu uchoraji na falsafa halafu uulizwe mwandishi alikuwa anamaanisha nini, nikapata 121. Jumla 501.

Ili mzee aone 501 ni nini: mwaka wa masomo 2023–24, walioomba vyuo vya MD, yaani vya shahada ya kawaida ya udaktari hapa Marekani, walikuwa zaidi ya 52,000, na walioanza masomo karibu 23,000. Wastani wa hao walioanza ulikuwa MCAT 511.7, na GPA ya shahada ya kwanza 3.77.

Shahada ya kwanza, mzee. Hapo ndipo barua hii ilipo.

Maombi ya vyuo vya MD hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Unajaza kila kozi uliyowahi kusoma, mfumo unakokotoa GPA zako, kisha vyuo vinaziona zimepangwa kwenye jedwali. GPA ya shahada ya kwanza ina mistari yake: ya masomo ya baiolojia, kemia, fizikia na hisabati, ya masomo mengine, na ya jumla. GPA ya uzamili ina mstari wake peke yake, chini. Hazichanganywi. Hata ungepata A mia moja kwenye uzamili, namba ya juu haisogei. Na kwa sisi tuliosoma nje ya Marekani na Kanada kuna la ziada: jina la chuo unaliandika, lakini alama haziingizwi kwenye hesabu. Ile 3.9 yangu ya Mlimani, miaka mitatu ya kulala hosteli ya Mabibo na kupanga foleni ya maji, haikuonekana popote. Mistari ya juu ilikuwa mitupu kabisa. Chini kule, imekaa peke yake kama mgeni aliyewahi harusini, 3.9 ya uzamili.

Niliomba vyuo 16. Kumi na sita vikakataa. Pamoja na ada za maombi nilitumia kama dola 2,900, fedha ambayo Tanga ingemalizia bafu la mama na vigae juu.

Mwanzoni mwa 2022 nikapiga simu chuo kimoja kilichonikataa, kwa sababu kwenye barua yao waliandika kwamba mwombaji anaweza kuomba ushauri. Akapokea mama mmoja wa ofisi ya udahili, sauti ya mtu mzima, hana haraka. Nikasikia anabofya kompyuta.

“Shahada ya kwanza ulisomea wapi?”

“Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.”

Akanyamaza. “Kwangu hapa ni patupu.”

Nikamwambia nina uzamili wa bayoteknolojia, alama A karibu zote. Akasema anauona, na ni jambo zuri, kisha akanieleza kwa upole kama anavyoelezwa mtu aliyepeleka hati ya nyumba mahali wanapotaka cheti cha kuzaliwa. Kwanza, alama za uzamili huku huwa juu kwa kila mtu. Kwenye programu nyingi B ni onyo na C ni kama kufeli, kwa hiyo 3.9 haiwasaidii kumtofautisha huyu na yule. Hilo ni kweli. Darasani kwetu sikumbuki mtu aliyetoka na chini ya B, na mitihani mingi tulikwenda nayo nyumbani. Pili, ilikuwa ya jioni, kozi moja moja. Wao wanatafuta dalili kwamba mtu ataubeba mwaka wa kwanza wa udaktari, ambao ni kama masomo sita yanayomwagwa kwa pamoja kila siku tangu asubuhi. Kozi moja Jumanne jioni haiwaambii hilo. Tatu, akaniuliza kama nina kemia ogani na maabara yake, na fizikia na maabara yake, kutoka chuo cha Marekani. Sina. Akanitajia kwamba chuo chao kinataka krediti 90 za vyuo vya Marekani au Kanada za ngazi ya shahada ya kwanza. Baadaye nikaja kujua vingine vinaridhika na 60, vingine vinataka shahada nzima, na kwamba yote haya yameandikwa kwenye tovuti zao, bure, tangu kabla sijalipa dola ya kwanza ya uzamili. Sikuyasoma. Nilikuwa nasoma mambo ya protini.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba muda mrefu siku ile. Mume wangu, Mmombasa, alikuja akanipa chai akasema, “Mke wangu, wewe ulipanda dala dala ya Chumbageni ukataka ikushushe Pongwe.” Wapwani bwana. Nilicheka huku nalia.

Hapo nazungumzia mtu mwenye grinikadi. Kijana wa mzee hana, na kwake mambo yanabadilika kabla hata hatujafika kwenye udaktari. Atakuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Viza hiyo inamtaka asome muda wote. Kwa uzamili vyuo vingi huhesabu krediti tisa kwa muhula. Uzamili wa jioni, kozi moja moja, huku anafanya kazi mchana, kwa F-1 haupo. Wa mtandaoni ndio kabisa, maana kozi ya mtandaoni anayoruhusiwa kuihesabia kwenye muda wote ni moja tu kwa muhula. Na kazi: mwaka wa kwanza anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Huyo wakala anayesema kijana atajilipia ada kwa kazi za mchana ama hajui kazi yake au anaijua sana.

Akipata viza hiyo akaja kusoma muda wote, ni halali, na bayoteknolojia ni katika fani ambazo akimaliza anaruhusiwa kufanya kazi mwaka mmoja kisha akaongezewa miezi 24. Lakini hiyo ni barabara ya kwenda maabara na viwandani. Kuhusu udaktari, vyuo vinavyopokea watu wasio raia wala wenye grinikadi ni vichache, na miongoni mwa hivyo vichache vipo vinavyotaka ada ya miaka yote minne iwekwe kwenye akaunti maalumu kabla ya siku ya kwanza. Mzee, kiwanja kimoja cha Kihonda hakitoshi. Kihonda nzima tungeanza kuzungumza.

Nisije nikaonekana nautukana uzamili wangu. Umenipandisha cheo mara mbili. Nilipoanza nilikuwa nachota sampuli. Leo nasimamia zamu, na mshahara umepanda kiasi kwamba mama yangu Tanga hadai tena ada za wadogo zangu, nalipa kabla hajasema. Mtu aliye kazini kwenye fani hii, ambaye mwajiri anamlipia, asome kesho asubuhi. Na yupo mwingine ambaye haumdhuru: kijana aliyesoma shahada ya kwanza hapa hapa kwa alama nzuri, MCAT yake nzuri, anasubiri mwaka mmoja au miwili huku anafanya kazi. Kwake uzamili ni nyongeza kwenye wasifu, na barua ya bosi wa maabara inaweza kumsaidia. Huyo angeingia hata bila uzamili.

Kuna pia uzamili wa aina nyingine ambao watu wanauchanganya na huu wangu. Georgetown pale Washington wanao, na vyuo vingine kadhaa. Ni wa mwaka mmoja, muda wote, na unakaa darasa moja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, mtihani mmoja, mnapimwa kwa rula moja. Umewekwa kwa mtu aliyesoma hapa na alama zake zikachechemea, apate kuonyesha kwamba sasa anaweza. Unasaidia kweli, na ukishindwa umejifungia mlango kwa kufuli mbili, maana umeshindwa mbele ya macho yao. Ni ghali. Wakala akimtajia mzee “masta ya kuingilia udaktari”, amwulize ni ipi kati ya hizi mbili.

Mimi nilirudi nyuma. Mwaka 2022, na uzamili wangu ukutani, nilijiandikisha chuo cha jamii cha hapa kaunti, baiolojia ya mwaka wa kwanza. Watoto wa miaka 19. Mwenzangu wa meza ya maabara alikuwa ananiita “Miss” akidhani mimi ndiye msaidizi wa mwalimu, mpaka siku alipoona nimevunja bureti. Kozi mbili kwa muhula, na za kiangazi, kemia ya jumla, kemia ogani, hisabati. Krediti moja haifikii hata robo ya bei niliyolipa kwenye uzamili. Na hizi zinaingia kwenye ile mistari ya juu. Mara ya kwanza nilipoona namba imetokea pale palipokuwa patupu, nilipiga picha kioo cha kompyuta nikamtumia mama. Hakuelewa ni nini, akajibu “Mashallah”.

MCAT nikarudia, 508. Mwaka 2024 nikaomba tena, safari hii na vyuo vya DO, wale madaktari wa osteopathia, ambao hapa wana leseni sawa na MD. Chuo kimoja kikaniita kwenye usaili.

Sasa nairudia ile kazi ya wazee. Walikuwa watu wawili mezani, daktari mzee na mwalimu wa anatomia. Kuhusu uzamili waliuliza swali moja, nadhani ni kwa adabu: kozi gani niliipenda. Nikajibu, wakaandika, ikaisha. Kisha yule daktari akageuza ukurasa akasema, naona ulifanya kazi nyumba ya wazee, tueleze. Nikamweleza habari za bibi mmoja aliyekuwa hatambui tena watoto wake, akigoma kula, na siku moja nikamwimbia wimbo wa kumbembeleza mtoto kwa Kiswahili, bila sababu, kwa kuchoka tu, akafungua mdomo. Tukawa tunakula hivyo kila mchana, kijiko na wimbo, kwa miezi minne, hadi alipofariki. Daktari akauliza ulijisikiaje siku ile. Akauliza muuguzi mkuu alisemaje. Akauliza nilimgeuzaje mtu mzito kuliko mimi. Dakika ishirini zilikwenda kwenye kazi niliyokuwa nalipwa dola 11 kwa saa, ambayo nilikuwa karibu kuifuta kwenye wasifu kwa aibu ili nafasi ipatikane ya kuorodhesha kozi za uzamili.

Waliniweka kwenye orodha ya kusubiri. Nilisubiri mpaka Agosti. Hawakupiga.

Kijana wa mzee afanye nini? Mimi si mshauri wa mtu, lakini kwa kuwa umeuliza. Kama ni udaktari anaoutaka, aanze na matokeo yake ya kidato cha sita. Tanzania huingia udaktari kwa PCB, miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na pale dirishani hakuna atakayemuuliza habari za uzamili wa mtu yeyote. Alama zikiwa hazitoshi, kurudia mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ni aibu ya mwaka mmoja. Ningejua ningerudia fizikia yangu nikiwa na miaka ishirini, pale Tanga, kwa bei ya madaftari. Akishakuwa daktari, Marekani ikiwa bado inamwasha, ipo mitihani ya USMLE, ya leseni ya udaktari ya huku, inayofanywa hata na waliosomea nje. Ni safari ngumu nayo, lakini wamo Watanzania waliopita humo na wengine wanatibu huku sasa hivi.

Na kama ukimkalisha kijana usiku mmoja ukamwuliza vizuri, ukagundua anachokipenda ni yale mambo ya seli na jeni zaidi ya wagonjwa, basi asikimbilie uzamili wa kulipia. Aombe uzamivu moja kwa moja kwa shahada yake ya kwanza. Vyuo vingi hapa, kwenye sayansi hizi, mwanafunzi wa uzamivu hulipiwa ada na kupewa posho ya kuishi. Kuingia kuna kazi, anahitaji alama nzuri, barua za walimu wake na uzoefu wa maabara, ila hakuna mahali wanapouliza baba ana kiwanja.

Yule wakala nisingependa kumhukumu bila kumsikia. Mzee aende ofisini kwake na swali moja tu: huo uzamili wa jioni, mwanangu ataingia nao kwa viza gani? Kisha akae kimya amwangalie.

Mimi krediti zangu zimefika 64. Zilizobaki ni za fizikia, mihula miwili na maabara, na leo saa tisa alasiri tunapima kasi ya kigari kwenye reli yenye mteremko, kitu nilichokikosea kwenye mtihani wa kidato cha sita miaka kumi na minane iliyopita. Sasa hivi ni saa mbili na nusu asubuhi. Naomba nikalale.

Wako,
Binti wa Bombo,
Gaithersburg, Maryland